Jua Huchomoza Lini? Macheo ya Wanajimu wa Kihindu, Yakitazamwa Kutoka Kwamkoro

(Somo hili lilisomwa redioni katika masomo ya historia kwa watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili aliyelikosa alisome, na aliyelisikia alirudie polepole.)

 

Leo naanza kwa swali ambalo hata mtoto mdogo angelicheka. Nakuuliza: jua lilichomoza saa ngapi leo asubuhi?

Usijibu upesi. Tuseme wewe unakaa Kwamkoro, katika Usambara ya mashariki, jirani na Amani. (Walio Lushoto wasidhani wamesahauliwa. Bonde la Lwengera limewatenga na Kwamkoro, lakini milima ni milima, na maneno ya leo yanawahusu vile vile.) Umeamka mapema, umesimama juu ya kilima kilicho wazi, meta 900 hivi juu ya bahari, nawe watazama mashariki. Hewa ni safi, hakuna ukungu, jambo ambalo nakiri si la kila siku huko kwenu. Mbele yako nchi yateremka mpaka pwani, na macho yako yafika mbali sana, kama kilomita 110, baharini kabisa. Mara ukingo wa jua watokea. Wewe wasema, “Jua limechomoza.”

Ndugu yako anakaa bondeni, si mbali nawe, na upande wake wa mashariki pana kilima chenye msitu. Kunja ngumi, nyosha mkono wako mbele ya uso: upana wa ngumi hiyo ni digrii kumi hivi za mbingu. Kama kilima chake kimeinuka kiasi cha ngumi moja, basi atalingoja jua dakika 40 baada yako, maana huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, digrii 15 kwa saa moja. Naye akiliona atasema, “Jua limechomoza.”

Wa tatu ni rafiki yenu aliye Tanga, amesimama ufukweni miguu majini. Tanga iko mashariki kwenu kwa nusu digrii hivi, kwa hiyo ungelitazamia alione jua dakika mbili kabla yenu. Lakini sivyo. Wewe wa kilimani umepanda juu, nawe wachungulia nyuma ya mgongo wa dunia, na kwa ajili ya kimo hicho wapata jua dakika tatu na nusu hivi kabla ya mtu aliye usawa wa bahari mahali pako. Ukitoa zile mbili za Tanga, bado wewe wa Kwamkoro umemtangulia mtu wa ufukweni kwa dakika moja na zaidi.

Basi watu watatu, asubuhi moja, jua moja, macheo matatu. Na wa nne amelala katika ukungu, hataliona jua mpaka saa nne. Ni yupi kati yao aliye na macheo ya kweli?

Nadhani wengi wenu mwasema moyoni: yatufaa nini kujua? Chai huchumwa vile vile. Ni kweli. Lakini wako watu waliofanya swali hili kuwa kazi ya maisha yao kwa muda wa miaka 1,500 na zaidi, nao ni wanajimu na wanafalaki wa Kihindu. Kwao macheo si jambo la kutazama dirishani. Ndiyo mlango wa siku, na siku ya mtu kuzaliwa, kufunga na kuoa hutegemea mlango huo umefunguliwa lini. Wahindu wamekaa pwani yetu tangu zamani, wakafungua maduka Unguja, Mombasa na Tanga, kisha wakaifuata reli na barabara kuingia bara. Walikuja na hesabu yao ya siku. Yafaa basi tuifahamu. Sisemi tuiamini. Kuamini nyota au kutoziamini ni shauri la kila mtu; somo hili ni la historia.

Kwanza tupange mambo yetu wenyewe. Sisi Waswahili tuna siku zaidi ya moja mfukoni. Saa zetu twazihesabu tangu jua kutoka na tangu jua kuchwa: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kutoka, si saa ya saba kama Wazungu waandikavyo. Lakini siku yenyewe, kwa desturi ya Kiislamu, huanza jua likichwa. Ndiyo maana mzee wa pwani akisema “usiku wa Ijumaa” ana maana ya ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Tena kuna siku ya serikali na hospitali, inayoanza usiku wa manane watu wamelala. Tumeyachanganya yote haya, wala hatugombani. Mara nyingine hukosa gari la moshi, lakini hatugombani.

Katika sheria ya Kiislamu macheo nayo yana kazi yake. Wakati wa sala ya alfajiri hukoma jua linapoanza kutoka, yaani ukingo wake wa juu unapotokeza. Hapa macheo ni mpaka wa kufungia, na kwa kufungia ni heri kushika dalili ya kwanza kabisa. Vitabu vya serikali vya mabaharia na vya utabiri wa hewa hufuata kanuni iyo hiyo ya ukingo wa juu, ila kwa sababu nyingine: wao wataka kujua mwanga utaonekana lini.

Wahindu wa zamani hawakushika ukingo wa juu. Walishika kitovu. Kwa wahesabu wao wa jadi, jua limechomoza pale katikati ya duara lake inapofika katika mstari wa upeo, nusu ikiwa juu na nusu chini. Tena upeo wenyewe si kilima chako wala bahari yako. Ni mstari ulionyooka, wa hesabu tupu, kana kwamba dunia ni laini kama yai na wewe umesimama juu ya ganda lake. Mlima hautiwi hesabuni. Ukungu hautiwi. Hata hewa haitiwi.

Neno hili la hewa lataka maelezo. Mwanga wa jua ukiingia katika hewa ya dunia hupinda kidogo, kama kijiti kinavyoonekana kimevunjika ukikitia katika bilauri ya maji. Kwa sababu ya kupinda huko, jua unaloliona likigusa upeo, kwa hakika bado liko chini ya upeo. Mdenmark Tycho Brahe, aliyefariki mwaka 1601, ni mmoja wa wa kwanza kutengeneza majedwali ya upindaji huo. Vitabu vya zamani vya falaki ya Kihindu havikuuingiza katika hesabu ya macheo. Sasa jumlisha: nusu ya duara la jua, na kupinda kwa mwanga, pamoja hupata kama dakika 50 za digrii, yaani karibu digrii moja nzima. Huku kwetu jua hupita nafasi hiyo kwa dakika tatu na sekunde ishirini hivi za saa. Basi macheo ya Kihindu hukawia kwa kiasi hicho nyuma ya macheo yaliyopigwa chapa katika vitabu vya mabaharia. Mhindu wa jadi ataliona jua limekwisha kutoka lote kamili, linang’aa, naye kwa hesabu yake bado anangoja.

Kwa nini mtu mwenye macho ashike jua asiloliona?

Hilo ndilo kiini cha somo la leo, nami nalitaka ulifikiri kwa makini. Mnajimu wa Kihindu anapoandika hati ya mtoto aliyezaliwa, jambo la kwanza atafutalo ni lagna. Lagna ni ile sehemu ya njia ya mabuруji inayochomoza upande wa mashariki wakati mtoto anapotoka tumboni. Mabuруji mnayajua: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani na wenzao, kumi na mawili, kila moja digrii 30. Mbingu huzunguka, na kila dakika nne hivi digrii moja mpya huchomoza. Sasa lagna huonekanaje? Haionekani. Ni nukta tu mbinguni, haina taa. Yapasa ihesabiwe, na kila hesabu yataka mahali pa kuanzia.

Wahenga wale walipata mahali pazuri mno. Jua lenyewe hutembea juu ya njia hiyo hiyo ya mabuруji, na majedwali yao yaliwaambia kila siku kitovu cha jua kiko katika digrii ya ngapi. Basi saa ile kitovu kinapogusa mstari wa upeo, digrii inayochomoza ni ile ile jua lilimo. Lagna na jua ni namba moja. Hakuna kutafuta. Kutoka hapo, ukijua ni muda gani umepita tangu macheo mpaka mtoto alipolia, wasogeza mbingu kwa kiasi hicho, umepata lagna yako.

Waona sasa? Kama wangeshika ukingo wa juu, namba hizo mbili zisingekuwa sawa. Kama wangetia kupinda kwa mwanga, zisingekuwa sawa. Kama wangengoja jua lipande juu ya mlima, zingepishana kwa digrii kumi. Macheo yao hayakuwekwa kwa ajili ya kuona mwanga. Ni kigingi kilichopigwa ardhini ili kamba ya kupimia ifungwe hapo, na kigingi hakichaguliwi kwa uzuri wake.

Kamba yenyewe ilikuwa ghati. Siku nzima, macheo hata macheo, ilikatwa ghati 60, kila ghati dakika 24 za saa zetu. Ghati mbili zilifanya muhurta mmoja. Chombo cha kupimia kilikuwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, linawekwa juu ya maji, maji yanaingia polepole mpaka linazama. Likizama, ghati moja imekwisha, mtu agonga kengele na kuanza tena. Katika nyumba isiyo na saa ya ukutani mtoto aliandikwa kuwa amezaliwa ghati kadhaa baada ya jua kutoka. Kosa lolote la macheo liliingia moja kwa moja katika hati yake.

Tuiangalie historia yenyewe kidogo, maana watu hudhani mambo haya yalishuka yote pamoja bila ubishi. Ubishi ulikuwako, tena mkali.

Mwaka 499 kijana mmoja wa miaka 23, jina lake Aryabhata, alitunga kitabu kifupi cha falaki kiitwacho Aryabhatiya. Alianzisha hesabu ya siku zote tangu mwanzo wa zama hizi, ambazo Wahindu huziita Kaliyuga, kwa macheo ya mahali paitwapo Lanka. Lakini katika kazi nyingine alianza kwa usiku wa manane wa hapo hapo Lanka. Kati ya mianzo hiyo miwili pana robo ya siku, saa sita nzima. Ikawa madhehebu mawili ya wahesabu, wa macheo na wa usiku wa manane. Varahamihira, aliyeandika katika karne ya sita, aliyataja maneno yote mawili ya Aryabhata na kuonyesha kwamba hayapatani. Brahmagupta alikuja baadaye, akaandika kitabu kikubwa mwaka 628 na kumkosoa Aryabhata pasipo huruma. Kisha, mwaka 665, huyo huyo Brahmagupta akaandika kitabu kingine kinachofuata hesabu ya Aryabhata ya usiku wa manane. Wanachuoni nao ni watu.

Angalia lakini: hata wale wa usiku wa manane hawakuwaambia watu wabadili siku yao. Usiku wa manane ulikuwa mwanzo wa hesabu kubwa ya miaka, jambo la vitabuni. Siku ya watu, yenye jina lake na ibada yake, iliendelea kuanza asubuhi.

Na lile la kitovu lilitoka wapi? Huyo Varahamihira alipoweka mwanzo wa moja ya hesabu zake, mwaka 505, alisema siku ile jua lilikuwa limekuchwa nusu katika mji wa Wayunani, ambao wataalamu huutambua kuwa Iskanderia ya Misri. Limekuchwa nusu: si lote, wala si ukingo. Hapa twaona kanuni ya kitovu waziwazi, na twaona pia kwamba elimu hii ilipita njia zile zile za biashara zilizoleta shanga na nguo huku kwetu. Neno lenyewe hora, ambalo wanajimu wa India hulitumia kwa saa, ni la Kiyunani.

Sasa kuhusu Lanka. Msifikiri ni kisiwa cha leo kinachoitwa Sri Lanka. Katika falaki Lanka ni mahali pa kuwaziwa, juu ya ikweta kabisa, kusini sawasawa ya mji wa Ujjain. Ukitazama ramani utakuta ni bahari tupu, mashariki ya visiwa vya kusini vya Maldivi. Kwa nini waliichagua? Kwa sababu katika ikweta mchana na usiku ni sawa mwaka mzima, jua haliendi mapema wala halikawii kwa ajili ya msimu. Kutoka Lanka mhesabu alisahihisha mara mbili zilizo kubwa: moja kwa umbali wa mashariki au magharibi, iitwayo deshantara, na nyingine kwa umbali wa kaskazini au kusini, iitwayo chara.

Hapa, ndugu yangu wa Kwamkoro, pana jambo la kukufurahisha. Pale Ujjain kwenyewe, kwenye kitovu cha falaki ya Kihindu, chara hufikia dakika 43 katika majira ya mwisho ya joto na ya baridi: wakati mmoja jua hutoka mapema kiasi hicho, wakati mwingine hukawia kiasi hicho. Kwenu Kwamkoro, digrii 5 tu kusini ya ikweta, chara haizidi dakika 9. Kwa tabia ya jua lenu ninyi ni majirani wa Lanka kuliko watu wa Ujjain walioiwaza. Mko magharibi yake kwa mwendo wa jua wa saa mbili na nusu hivi, basi. Na kwa sababu hiyo hiyo saa zetu za Kiswahili zatufaa: mtu hawezi kuanza saa yake kwa macheo katika nchi ambako macheo yanahamahama saa tatu kutoka msimu hata msimu.

Msinishike kwa neno nikisema hivyo. Saa ya mkononi hufuata saa ya Afrika Mashariki, iliyopimwa kwa mstari wa digrii 45, na Kwamkoro iko kama digrii 38 na nusu. Kwa hiyo saa yenu hukimbia mbele ya jua kwa dakika 25 hivi. Ukiongeza na jua lenyewe lisivyokwenda sawasawa mwaka mzima, macheo ya vitabuni kwenu huanguka kati ya saa 12 kamili, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12 na dakika 35 hivi, mwishoni mwa Julai.

Nilisema siku ya juma nayo hufunguliwa na macheo. Wapo wazee wa pwani wajuao saa za nyota, kwamba kila saa ina mtawala wake. Wahindu wanayo vile vile. Saa ya kwanza tangu macheo ya Jumapili ni ya Jua. Inafuata Zuhura, kisha Utaridi, Mwezi, Zohali, Mushtari na Mirihi, halafu Jua tena. Hesabu kwa vidole mpaka saa 24 ziishe. Saa ya 25, ambayo ni ya kwanza ya asubuhi inayofuata, itaangukia Mwezi. Na siku hiyo ni ya Mwezi, Jumatatu yetu. Endelea hivyo, utapata siku zote saba kwa mpango wake. Ukianza mahali pengine, utawala wote wapotea. Kwa hiyo kwao Jumanne haiwezi kuingia kabla ya jua.

Sasa tuseme mtoto amezaliwa Korogwe, katika nyumba ya Mhindu mwenye duka, saa 12 na dakika 20 asubuhi. Kadi ya hospitali yaandika Jumanne, na hapana ubishi, maana kwa hospitali Jumanne ilianza usiku wa manane. Jirani yake Mswahili asema Jumanne, na kwa desturi yake Jumanne iliingia jana magharibi. Nyumbani babu afungua panchangi, yaani kitabu cha siku cha Kihindu. Jina hilo maana yake ni viungo vitano, na siku ya juma ni kiungo kimojawapo. Tuseme siku hiyo ukingo wa juu ulionekana saa 12 na dakika 19, na kitovu kilifika upeo saa 12 na dakika 22. Kwa ukingo mtoto ni wa Jumanne, mtoto wa Mirihi. Kwa kitovu bado ni Jumatatu, mtoto wa Mwezi. Hati ile itafungwa sandukuni, nayo itatolewa siku ya kuposa, iwekwe mbele ya wazee wa upande wa pili, ambao pengine mnajimu wao ni wa madhehebu mengine. Wapo wachapishaji wa panchangi wanaoshika kitovu mpaka leo, na wapo walioshika ukingo wa juu kama vitabu vya mabaharia. Dakika tatu si kitu kwa mchuma chai. Kwa bibi harusi zaweza kuwa kitu.

Lakini shida iliyo kubwa zaidi kwa Wahindu wa Afrika ya Mashariki haikuwa dakika tatu. Ilikuwa saa mbili.

Panchangi iliyopigwa chapa Gujarat imehesabiwa kwa macheo ya Gujarat. Ahmedabad iko kama digrii 33 na nusu mashariki ya Tanga, kwa hiyo jua hutangulia kutoka kule kwa saa mbili na robo hivi kwa wastani. Mwezi wa Juni hutangulia kwa zaidi ya saa tatu, na Desemba kwa chini ya saa moja na nusu, kwa sababu ya ile chara. Sasa kuna kiungo kingine cha panchangi, kiitwacho tithi, ambacho ni siku ya mwezi. Tithi hupimwa kwa mwezi kuliacha jua digrii 12. Ziko 30 katika mwezi mwandamo, na kila moja hukaa kati ya saa 19 na saa 26. Huisha wakati wowote, mchana au usiku, tena dakika ile ile kwa ulimwengu wote. Lakini siku huitwa kwa tithi iliyopo jua linapotoka mahali pale ulipo.

Basi fikiri tithi imekwisha wakati jua limekwisha kutoka Ahmedabad lakini Tanga bado ni giza. Kule siku hiyo ni ya kumi. Kwetu macheo yanakuta ya kumi na moja imekwisha kuingia. Siku ya kumi na moja, Ekadashi, ni siku ya kufunga kwa Wahindu wengi. Ndugu wawili, mmoja Gujarat na mmoja Tanga, kila mmoja akifuata sheria moja kwa uaminifu, watafunga siku mbili mbalimbali. Na kwa kuwa pengo ni saa mbili na robo katika tithi ya saa 24 kasoro kidogo, jambo hili laweza kutokea karibu mara moja katika kila siku kumi au kumi na moja. Anayefuata kitabu cha Gujarat bila kukisahihisha, yuko pamoja na ndugu zake, ila si pamoja na jua lake.

Wafuasi wa Vishnu wana sharti la ziada. Kwa wengi wao haitoshi tithi ya kumi na moja iwepo jua linapotoka; ile ya kumi isiwe imegusa hata ghati nne kabla ya macheo, yaani dakika 96. Hapo ndipo utakapoona kwamba macho hayana msaada kabisa. Mtu hawezi kungoja alione jua, kisha arudi nyuma dakika 96 kuuliza kama alipaswa kufunga. Lazima macheo yajulikane tangu jana, kwa kalamu na karatasi. Mlima wa Usambara hauwezi kuruhusiwa kuingilia.

Serikali ya India nayo iliuona mchafuko wa panchangi. Novemba 1952 iliunda halmashauri ya kutengeneza kalenda, mwenyekiti wake Meghnad Saha, mtaalamu wa fizikia wa nyota. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1955, na kalenda mpya ya taifa ikaanza tarehe 22 Machi 1957. Walichagua mahali pamoja pa katikati kwa hesabu ya nchi nzima, kwenye mstari wa digrii 82 na nusu, sawasawa na saa ya India. Panchangi za kienyeji hazikukoma kwa sababu hiyo. Na kwa walio ng’ambo ya bahari mahali pamoja pa katikati si dawa, maana jua la Tanga halijui halmashauri ya Delhi.

Na mcha Mungu anayesimama asubuhi kulitolea jua maji kwa viganja vyake, je, naye hufuata kitovu kisichoonekana? Huyo hulitolea jua analoliona. Ibada ya macho na hesabu ya kalamu zimekaa nyumba moja miaka mingi, kama saa zetu za Kiswahili na saa za hospitali.

Sasa nakupa kazi ya nyumbani, wewe wa Kwamkoro na jirani zako wa Amani. Usilikodolee jua macho, litakuumiza. Tafuta mahali pawili: kilima kilicho wazi kuelekea pwani, na bonde lenye kilima upande wa mashariki. Mtu mmoja akae kila mahali na saa iliyolinganishwa kwa mlio wa redio. Aandike saa mwanga wa jua unapogusa kwanza ncha ya fimbo aliyoisimika. Fanyeni hivyo siku saba, mkiruka za ukungu. Kisha pimeni kilima cha bondeni kwa ngumi, kila ngumi digrii kumi, kila digrii dakika nne, na mtazame kama tofauti ya karatasi zenu mbili inalingana. Ukitaka macheo ya Kihindu, chukua karatasi ya aliye kilimani, ongeza dakika tatu na nusu kwa ajili ya kimo chake, na tatu na sekunde ishirini kwa ajili ya kitovu na hewa. Utaona kwamba dakika saba hivi baada ya mwanga kukufikia usoni, ndipo kwa mnajimu wa jadi siku inaingia.

Majibu yaleteni katika kikundi chenu cha kusikiliza. Kwaherini.